Kengele za King's Landing na ubishi wa baraza letu

Jumatatu ya tarehe 20 Mei 2019 ilituangukia katikati ya Ramadhani. Marekani ilikuwa bado Jumapili, saa tatu usiku, kituo cha televisheni cha HBO kilipoanza kuonyesha sehemu ya 73 na ya mwisho ya tamthilia ya Game of Thrones. Hapa Mombasa ilikuwa saa kumi alfajiri, wakati wa daku. Nyumba ambazo siku nyingine zingekuwa gizani zilikuwa macho, chai iko motoni, na wenye dikoda yenye M-Net, chaneli ya kulipia, waliitazama papo hapo, saa ileile na Wamarekani. Sehemu yenyewe ina dakika 80 hivi, kwa hiyo adhana ya alfajiri iliwakuta haijaisha. Jioni yake, baada ya tarawehe, ubishi ukaanza barazani petu Mji wa Kale, na haukutulia hata Idi ilipoingia.

Nauandika ubishi ule kwa sababu naona husimuliwa kombo. Husemwa kwamba watazamaji walitaka mwisho mtamu, wakapewa mchungu, wakakasirika. Sikubali. Waliokuwa wakibishana pale walishamwona Ned Stark, mhusika mkuu, akikatwa kichwa kabla msimu wa kwanza haujaisha. Walishaiona harusi ikigeuka machinjioni katika msimu wa tatu. Mara zote mbili walilaani, wakanuna, na wiki ya pili wakarudi na hamu maradufu. Watu wa namna hiyo hawaogopi uchungu. Dai langu ni kwamba karibu kila mmoja pale angeyakubali mauti yaleyale na moto uleule, lau angeonyeshwa jinsi mwanamke mmoja alivyofikia uamuzi mmoja. Na wale walioukubali mwisho bila taabu waliongozwa zaidi na namna walivyoitazama tamthilia kuliko ugumu wa mioyo yao.

Yaliyotokea

Kwa asiyeitazama: Daenerys Targaryen, binti wa mfalme mwendawazimu aliyepinduliwa, anatumia misimu minane kurudi kwao kudai kiti cha enzi. Njiani analea majoka matatu na kuwakomboa watumwa. Katika sehemu ya tano ya msimu wa mwisho anaushambulia mji mkuu, King's Landing. Askari wa adui wanaweka silaha chini, kengele za kusalimu amri zinalia, vita vimekwisha. Naye, akiwa juu ya joka lake, anauteketeza mji pamoja na raia wake. Katika sehemu ya sita Jon Snow, mpenzi wake ambaye pia ni mtoto wa kaka yake, anamchoma kisu wakiwa wamekumbatiana. Joka linakiyeyusha kiti cha enzi, linaubeba mwili na kutokomea nao. Mabwana wakubwa wanakutana na kumtawaza Bran Stark, kijana asiyeweza kutembea, mwenye karama ya kuona yaliyopita. Dada yake Sansa anaitoa Kaskazini katika himaya na kuwa malkia wake. Jon anarudishwa kwenye baridi, na Arya, dada yao mwingine, anapanda merikebu kuelekea magharibi kusikojulikana.

Dikoda, flashi na masimulizi

Mombasa tamthilia hii haikuingia kwa mlango mmoja, na hapa ndipo penye ufunguo wa ubishi wote.

Kundi la kwanza, ambalo nami nilikuwemo, ni la wachache waliokuwa na kifurushi cha bei ya juu, au jirani mwenye nacho na moyo mkunjufu. Sisi tuliila kidogokidogo. Sehemu moja kwa wiki, kisha miezi na miezi ya kungoja. Baina ya msimu wa saba na wa nane tulikaa tangu Agosti 2017 hadi Aprili 2019. Binamu yangu anayefanya kazi bandarini alianza nayo 2011, akaifuata mpaka mwisho. Miaka minane ni mingi. Kwa mtu kama huyo Daenerys anakuwa wa nyumbani, mtu unayemwombea dua. Marekani, mwaka 2018 peke yake, watoto wa kike 560 walipewa jina la Khaleesi, ambalo ni cheo chake. Huwezi kumpa bintiyo jina la mtu unayemtarajia kuchoma mji.

Kundi la pili ndilo kubwa: watu wa duka la muvi. Unapeleka flashi, kijana anakunakilia misimu yote, unakwenda zako. Fundi wa simu anayekaa nasi barazani hakuwa ameona hata sehemu moja mpaka Shaabani ya mwaka ule. Akanakiliwa misimu saba, akaimaliza yote kabla ya mfungo, usiku kwa usiku, kisha akawa anafuata mpya kila zilipofika dukani. Kengele zilipolia, kichwani mwake Daenerys wa msimu wa kwanza alikuwa wa mwezi uliopita.

Wa tatu ni waliosimuliwa. Mwalimu wetu mstaafu wa Kiswahili aliona vipande tu pamoja na wanawe, mengine akahadithiwa. Nitamrudia, maana yeye ndiye aliyesema neno zito kuliko sote.

Usiku wa kwanza fundi alitushangaa. "Sasa nyinyi mwalia nini? Yule mwanamke wa moto tangu siku ya kwanza." Akaanza kukunja vidole. Yule mganga aliyemdhuru mumewe alimfunga kwenye kuni za maziko, akamchoma hai. Mfanyabiashara wa Qarth aliyemsaliti alimfungia ndani ya kasha la chuma la hazina, pamoja na mjakazi wake mwenyewe, wafe humo. Kule Meereen aliwapigilia misumari mabwana 163 wa watumwa, sawa na idadi ya watoto watumwa waliowaua. Makhali, wale wakuu wa Wadothraki, aliwachoma ndani ya hekalu lao. Bwana Tarly na mwanawe, waliokataa kupiga magoti, aliliambia joka liwamalize, na hao tayari walikuwa mateka. "Mimi nimeyaona haya yote mwezi mmoja," alisema fundi. "Nyinyi mumeyasahau kwa sababu mumeyaona miaka minane."

Neno hilo lilitunyamazisha, na nakiri lina uzito. Mambo uliyoyatazama kwa kupishana miaka huyakumbuki kwa mstari. Unakumbuka furaha uliyokuwa nayo yule bwana wa watumwa alipoungua. Harufu ya nyama unaisahau. Fundi aliyaona moto kwa moto, bila kupumua baina yake, kwa hiyo kwake mji ulikuwa moto mwingine katika safu ndefu.

Aliyemjibu hakuwa mmoja wetu wa nje. Shangazi yangu alikuwa ndani, mlango uko wazi, anasikia kila neno. "Mwanangu," alimwambia, "na yule mtoto wa mchunga mbuzi je, huyo hukumwona kwenye flashi yako?"

Huyo ndiye tulikuwa tumemsahau sisi sote. Mwishoni mwa msimu wa nne mzee mmoja, mchunga mbuzi, anakuja mbele ya Daenerys na kitu kimefungwa kitambaani. Anakifungua sakafuni: ni mifupa iliyoungua ya binti yake wa miaka mitatu. Joka kubwa, Drogon, ndilo lililomuua, nalo limeruka halijulikani liliko. Daenerys anayachukua yale mawili yaliyobaki, ambayo anayaita wanawe, anayapeleka pangoni mwenyewe, anayafunga minyororo shingoni na kutoka huku yakimlilia. Kwa mtoto mmoja. Na kule Astapor, alipowaamuru wanajeshi wake wawaue mabwana wa watumwa, alikataza asiguswe mtoto yeyote.

Sasa hao ni wanawake wawili: aliyewafunga wanawe kwa ajili ya mtoto mmoja wa maskini, na aliyemwaga moto juu ya mji uliojaa watoto. Hadithi inaruhusiwa kutuambia kwamba ni mtu mmoja. Binadamu hufika huko. Lakini kutoka kwa wa kwanza hadi kwa wa pili kuna mwendo, na mwendo huo ndio uliogombaniwa.

Mwendo uliofupishwa

Misimu sita ya kwanza ilikuwa na sehemu kumikumi. Wa saba ukawa na saba, wa nane sita. HBO walikuwa tayari kuendelea. David Benioff na D. B. Weiss, waliokuwa wakiiongoza tangu mwanzo, ndio walioamua kufunga. Ni kweli kwamba sehemu za mwisho zilikuwa ndefu, lakini vita na majoka ndivyo vilivyokula dakika hizo.

Ufupi huo ulionekana mapema katika safari. Msimu wa kwanza, mfalme na msafara wake wanatoka Winterfell, ngome ya akina Stark huko Kaskazini, katika sehemu ya pili na kuwasili King's Landing katika ya tatu, na njiani watu wanagombana, mtoto wa mchinja nyama anauawa, mbwa mwitu anachinjwa, uadui wa misimu mingi unazaliwa. Safari ilikuwa ndiyo hadithi. Msimu wa saba, watu wanazingirwa juu ya barafu ng'ambo ya Ukuta unaolinda mpaka wa kaskazini, mmoja anakimbia kuomba msaada, ndege anapeleka barua hadi kisiwani kusini kabisa, na majoka yanafika kuwaokoa, yote ndani ya sehemu hiyohiyo. Wengi wetu tulilisamehe hilo. Tungelikataa siku ile, pengine tusingeshangaa baadaye roho ya mtu iliposafirishwa kwa kasi ileile.

Maana ndicho kilichofanyika. Katika sehemu tatu Daenerys anampoteza Jorah, mlinzi wake mwaminifu, joka la pili linauawa, rafiki yake Missandei anakatwa kichwa mbele ya macho yake, mshauri wake Varys anamsaliti, na Jon, baada ya kujua nasaba yake, hawezi tena kumbusu kwa moyo mmoja. Sababu zimejaa, hakuna anayezikana. Kilichokosekana ni nafasi ya kuziona zikimfanyia kazi. Kila msiba unapigwa muhuri na kusogezwa kando ili mwingine upite.

Kisha zinakuja kengele zenyewe. Nimeirudia sehemu hiyo mara nyingi na nataka msomaji aitazame tena kwa jicho hili. Daenerys yuko juu ya ukuta, mgongoni mwa Drogon. Kengele zinalia. Kamera inamsogelea: anahema, machozi yanamlenga, anaikodolea ile ngome iliyojengwa na wazee wake. Anaruka. Kuanzia hapo hatuuoni uso wake tena mpaka sehemu inaisha. Tunaliona joka kutoka chini, kivuli na moto, huku sisi tukiwa vichochoroni na Arya na kina mama waliobeba watoto. Miguel Sapochnik, mwongozaji wa sehemu hiyo, alitaka tuwe na wanaokufa, na kwa hilo nampa heshima yake. Sijaona vita vilivyotisha hivyo kwenye televisheni. Ila kwa gharama hiyo, mwanamke tuliyemtazama usoni tangu 2011 alinyimwa uso saa tuliyouhitaji kuliko zote. Tunapokutana naye tena, katika sehemu ya mwisho, mabawa ya joka yanafunguka nyuma yake kana kwamba yameota mgongoni mwake, na anahutubia jeshi. Tayari ni mwingine.

Shangazi yangu aliliona hili kwa ukali ambao wanaume barazani tuliukwepa siku za mwanzo. "Wallahi kaonewa," alisema. "Mwanamme akiua, mumekaa mwaeleza sababu zake usiku kucha. Yeye kaua, basi keshakuwa mwendawazimu kama babake, maneno yamekwisha." Fundi alimjibu kwa adabu kwamba Sansa naye ni mwanamke na amevikwa taji. Ni kweli, ila halimjibu shangazi. Hakulalamika kwamba wanawake hawakupewa vyeo. Alilalamika kwamba mmoja wao hakusikilizwa, na mimi niko upande wake.

Neno la mwalimu

Mwalimu alikuwa akisikiliza na kahawa yake, siku ya tatu au ya nne ndipo akauliza kwa nini hatujawahi kumlaumu aliyesimulia kifo cha Fumo Liyongo.

Kila aliyelelewa pwani hii anakijua kisa. Liyongo hashindwi kwa mkuki wala mshale; ipo siri moja tu, sindano ya shaba kitovuni. Mfalme wa Pate anamrubuni mwanawe Liyongo mwenyewe. Kijana anakwenda kwa babake, anamuuliza ni kitu gani kinachoweza kumuua. Baba anaingiwa na shaka, anahisi mwanawe ametumwa, na bado anamwambia. Kijana anarudi na sindano, anamchoma usingizini. Liyongo anaamka, anachukua uta wake, anakwenda kisimani, anapiga goti na kuutega mshale, na roho inamtoka hivyohivyo. Watu wa mji hawathubutu kuteka maji siku kadhaa kwa kudhani yu hai, mpaka mama yake anapoletwa kumbembeleza.

"Huo ni mwisho mchungu kuliko wenu," alisema mwalimu, "maana aliyeua ni mwana wa kumzaa. Na karne zote hizi hakuna aliyetaka ugeuzwe. Kwa nini?" Akajijibu: kwa sababu msimulizi hana haraka na ile saa ya swali. Mtoto anauliza, baba anashuku, baba anajibu. Tunamsikia mtu akikabidhi kifo chake kwa mkono wake, na tunajua kwa nini. Sindano yenyewe inapokuja ni kazi ya beti chache tu.

Hapo nikaelewa jambo lililokuwa likinitatiza. Wengi waliokasirishwa na sehemu ya tano hawakukasirishwa na kisu cha sehemu ya sita, ilhali kisu ndicho cha khiyana zaidi. Ni kwa kuwa Jon alipewa saa yake ya swali. Anakwenda kumwona Tyrion, mshauri wa Daenerys, kifungoni, wanazungumza kwa muda mrefu, anamtetea Daenerys, anashindwa, anauliza, anaogopa kujibu. Tukamfuata hatua kwa hatua mpaka chumba cha kiti cha enzi. Muuaji mmoja alielezwa, mwingine akaachwa na kengele zake. Fundi aliposikia hivyo alikaa kimya kidogo, kisha akasema kwamba hilo analikubali, ila orodha yake ya moto haifuti. Nami sikumtaka aifute.

Bran

Kuhusu Bran sina upole mwingi. Kijana huyu hayumo kabisa katika msimu wa tano. Msimu mzima ulipita bila yeye na wengi hawakuuliza aliko. Isaac Hempstead Wright mwenyewe, aliyemwigiza, amesimulia kwamba aliposoma mswada alidhani ni wa mzaha. Kisha Tyrion, ambaye ni mfungwa mwenye pingu, anawaambia mabwana waliokaa kumhukumu kwamba hakuna mwenye hadithi bora kuliko Bran, na wote wanakubali, mmoja baada ya mwingine. Sam, rafiki wa Jon, anapendekeza kila mtu aulizwe, wanamcheka. Sansa anaomba Kaskazini ijitenge, anapewa palepale. Yara wa visiwani, aliyeahidiwa na Daenerys uhuru wa watu wake, amekaa hatua chache na hasemi neno.

Mwalimu, ambaye ukoo wake ni wa Tisa Taifa, muungano wa koo tisa za Waswahili wa Mombasa, alitaka kulipenda baraza lile la mabwana. Mji huu wetu umewahi kuendeshwa kwa maafikiano, Thelatha Taifa upande mmoja na Tisa Taifa upande wa pili, kila upande na tamim wake, yaani kiongozi wake. Kwa hiyo wazo la kumweka mtawala kwa makubaliano halikumwia ajabu. Kilichomshinda ni urahisi wake. Watu waliochinjana misimu minane hawapatani kwa dakika chache bila mmoja kudai chake. Wana wa Mji wa Kale hawawezi kupatana hivyo hata juu ya nani aliyechukua zamu ya kununua kashata.

Hesabu za huko nje

Usiku ule watu milioni 19.3 waliitazama sehemu ya mwisho Marekani, kwa hesabu ya HBO, rekodi kwa kituo chao. Ombi la mtandaoni la kutaka msimu wa nane utengenezwe upya lilipata sahihi zaidi ya milioni moja. Kwenye IMDb, tovuti ambako watazamaji huzipa tamthilia alama, sehemu hiyo ya mwisho ina alama kama 4 kwa 10, ya chini kuliko zote 73. Na Septemba mwaka huohuo tamthilia ikashinda tuzo ya Emmy ya tamthilia bora, moja kati ya 12 ilizotwaa, baada ya kuteuliwa mara 32 kwa msimu huo mmoja. Mswada wa sehemu ya mwisho wenyewe ulikuwa miongoni mwa walioteuliwa, ingawa haukushinda. Waigizaji, mavazi, muziki, picha: nani angewanyima? Wapiga kura wa tuzo na wenye sahihi milioni walikuwa wakipima vitu tofauti.

George R. R. Martin, ambaye vitabu vyake ndivyo asili ya yote haya, alichapisha cha tano mwaka 2011 na cha sita bado kinangojwa. Tamthilia ilipovipita vitabu, Benioff na Weiss walibaki na alichokuwa amewaeleza kwa mdomo kuhusu anakoelekea. Mwalimu anaamini ndiyo sababu walijua kituo bila kuijua njia, na ninaona yuko karibu na ukweli.

Agosti 2022 ilipokuja House of the Dragon, yenye majoka na Targaryen walewale, kiasi cha watu milioni 10 waliitazama Marekani siku ya kwanza. Barazani petu waliowahi kuapa kutoigusa tena familia hiyo walikuwa wa kwanza kuuliza nani ana dikoda. Binamu yangu alikuja na sambusa. Tamthilia ya zamani bado huirudia, na kila mara hukomea msimu wa sita. Fundi naye ameufuta msimu wa kwanza hadi wa saba kwenye flashi yake ili kupata nafasi, akaubakisha wa nane. Shangazi kamwomba amnakilie ule wa nne.